Kome Waliofunga Jiko la Shirika

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bunda, Mpishi Mkuu alinitazama juu mpaka chini akaniuliza swali moja.

"Unajua kupika?"

"Ndiyo, mzee."

Akacheka mpaka akashika meza. "Hapa hakuna cha kupika, kijana. Unajua kudanganya?"

Ilikuwa miaka ile ya shida. Ninyi mnaosoma haya huku sukari imejaa kabatini hamtanielewa, lakini nitajaribu. Sukari hakuna, mafuta hakuna, sabuni hakuna. Sufuria tulisugua kwa majivu. Nilikuwa nimeajiriwa msaidizi wa jikoni katika resti hausi ya shirika la pamba, yaani nyumba walimolala mabwana wa shirika wakija kukagua kiwanda cha kuchambulia pamba. Ukutani, kwenye chumba cha kulia, palikuwa na ubao wa menyu ulioandikwa kwa rangi ya mafuta tangu enzi za neema, na haukuwa ukifutika: supu ya kuku, nyama ya kuoka, viazi vya siagi, pudini. Jikoni tulikuwa na unga wa njano wa msaada, sato wachache na chumvi ya mawe.

Mpishi Mkuu alikuwa mtu mfupi, mkali, na kofia yake nyeupe aliifua kwa majani ya mpapai. Sheria yake ilikuwa moja. "Mgeni asiambiwe hakuna," alisema. "Hilo neno analisikia madukani kutwa nzima. Asije akalikuta na hapa." Basi mgeni akiagiza nyama ya kuoka, tulimpelekea sato aliyebanikwa, na Mpishi Mkuu mwenyewe akainama kwa heshima zote, "Nyama ya kuoka, mzee. Ya ziwani." Pudini ilikuwa uji mzito wa unga wa njano uliopambwa kwa papai. Wageni walikula wakashukuru. Nani angelalamika, na kila mmoja kwake aliacha watu wanakunywa uji mtupu?

Lakini yule mzee alinifundisha kazi. Alinifundisha kuonja kwa kijiko kingine, si kile cha kupakulia. Alinifundisha kupika kwa mvuke, maana mafuta yakikosekana kabisa mpishi hujua mvuke apende asipende. Unatia maji kidogo chini ya sufuria, unapanga vijiti juu yake kama kitanda, samaki unamlaza kwenye jani la mgomba, unafunika, kisha unazungushia kitambaa kibichi kwenye ukingo wa mfuniko ili mvuke usitoroke. Chakula hakigusi maji. Nikifunua kuchungulia, mwiko ulinitua kwenye vidole. "Unachungulia nini? Unadhani kimehama?" Na chai yetu, kwa kuwa majani ya chai yalikuwa hadithi, ilikuwa mchaichai uliopandwa nyuma ya jiko. Mabwana wakubwa walikuwa wanakunywa mchaichai mkavu bila sukari na kusema, "Aaah, chai ya leo!"

Kutoka Bunda nilihamishiwa Butiama, kwenye kijumba cha shirika alichokaa Msimamizi wa Ghala. Loo, Butiama! Maziwa, samli, kuku wa kienyeji, vitu ambavyo Bunda tulikuwa tunaviota. Ila Msimamizi alikuwa na vidonda vya tumbo na hakula chochote ila uji wa ulezi. Nilipika uji mpaka nikasahau kitunguu kinakatwaje. Ile samli ikawa yangu, na niliporudi likizo kwetu Majita mama yangu alinizunguka mara mbili ndipo akanitambua.

Mwishowe nikapelekwa Musoma, kwenye resti hausi kubwa, na nikapewa kofia. Mimi, Mafuru, Mpishi Mkuu! Tukapanga nyumba Makoko, karibu na ziwa, mimi na mke wangu, Mama Magesa, na watoto. Mama Magesa alifuga kuku wengi ajabu, wakipita barabarani hata baiskeli zilisimama.

Bosi wangu Musoma alikuwa Meneja wa Resti Hausi, mtu mrefu wa suti ya kaunda, aliyependa neno "shirika" kuliko jina la mama yake. Hakusema "nimechoka", alisema "shirika limechoka". Ukivunja kikombe, umelivunjia shirika heshima. Mimi na yeye tulipatana kama paka na mfagio.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Maduka yakajaa tena: sabuni za kila rangi, mafuta, mpaka biskuti. Tulishangilia sana, mimi nilinunua sabuni ya kunukia nikaiweka tu juu ya kabati niwe naitazama. Hatukujua kwamba upepo uleule ulioleta biskuti unakuja kuyachukua mashirika. Siku moja akatokea Afisa Utumishi kutoka makao makuu, mtu mpole mwenye sauti ya kanisani, akatukusanya.

"Ndugu zangu," alisema, "shirika haliwezi kuendelea kugharamia majiko yasiyolisha mtu. Jiko ambalo wageni wanakula, litabaki. Jiko ambalo wageni hawali, litafungwa, na mpishi wake atapunguzwa. Nitarudi kuona."

Kupunguzwa. Neno zuri kabisa, utadhani mtu anapunguziwa mzigo. Niliogopa, sifichi. Mikono yangu haikujua kazi nyingine. Kwetu Majita mwanamume huingia ziwani au shambani, na wenzangu walikuwa wamenicheka miaka yote kwa kushika mwiko. Sasa nirudi kwao na mwiko wenyewe sina?

Na hapo ndipo balaa lenyewe lilipokuwa, maana resti hausi nzima ilikuwa na mgeni mmoja tu wa kudumu, na mgeni huyo alikuwa hali.

Aliitwa Bwana Somchai. Alikuwa mtaalamu wa mashine kutoka Thailand, ameletwa kutazama mashine za pamba kabla shirika halijauza viwanda vyake. Mji mzima ulimwita Mchina, naye kila mara alijibu bila kuchoka, "Si Mchina. Mtailandi." Kiswahili alijifunza kwa mafundi wa kiwandani Bunda, alikoanzia kazi, kwa hiyo aliongea kama fundi wa Bunda, na vitusi viwili vitatu ambavyo hakujua kuwa ni vitusi. Mtu mwema sana. Ila kula, thubutu! Nilimpikia sangara wa kukaanga, sahani ikarudi. Nilimpikia sato wa nazi, na nazi yenyewe niliitafuta mji mzima, sahani ikarudi. Nikampikia pilau. Akala zabibu. Sahani ikirudi jikoni ilivyokwenda, kwa mpishi hilo ni kofi la uso. Akaishi kwa ndizi na mayai ya kuchemsha, akikonda mbele ya macho yetu.

"Mafuru," Meneja aliniambia, "huyu mgeni akikonda, shirika limekonda."

"Anakula mayai, bwana."

"Mayai hayapikwi! Yanachemka yenyewe! Afisa akirudi akakuta mayai, utakwenda kwenu na kofia yako."

Basi Jumapili moja nimetoka kanisani, napita ufukweni kurudi nyumbani, namwona Bwana Somchai amekunja suruali mpaka magotini, yumo majini, anachimbua mchanga kwa vidole vya miguu. Nikadhani jua limemzidi. Mara akainua kitu juu akapiga kelele.

"Mafuru! Hii! Hii mnaitaga nini?"

Alikuwa ameshika kome. Kwa asiyemjua, kome ni yule mdudu wa ziwani mwenye magamba mawili yanayofungana kama mlango wa kabati, na nyama yake laini iko ndani.

"Tunaita kome, bwana. Na utoke humo majini, utapata kichocho."

"Mimi nyumbani nakulaga hii. Mama yangu anapikaga. Na mvuke." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Kesho unipikie?"

Jamani! Mgeni wangu ametaja chakula kwa kinywa chake mwenyewe! Nilikimbia. Nikawaambia akina mama wa Makoko na wa Kigera waniletee kome, wengi, kwa kazi ya haraka. Asubuhi wakanishushia gunia jikoni. Nikalifungua, nikakuta unga mweupe. Magamba matupu yaliyoanikwa yakakauka na kupondwa kwenye kinu! Akina mama hawakunikosea hata kidogo. Huku kwetu ukimwambia mtu akuletee kome, unafuga kuku. Magamba yao yanapondwa kuku wale, mayai yatoke na ganda gumu. Nani aliwahi kuagiza kome akiwa na maana ya kula?

Meneja naye akaingia wakati huohuo, akatazama gunia.

"Mafuru, shirika linafuga kuku?"

Nikamweleza. Alivuta pumzi mpaka vifungo vya kaunda vikakaza. "Chakula cha kuku? Kwa mtaalamu? Katika sufuria za shirika? Haiwezekani! Ukitaka kumuua, kamuulie kwako."

Nikaona ni sawa. Kwangu basi.

Nilikwenda mwenyewe ufukweni na Bwana Somchai tukawaokota wazima. Anayetaka kuwapika nyumbani kwake anisikilize vizuri. Kome wakae kwanza kwenye ndoo ya maji safi tangu asubuhi mpaka mchana, wateme mchanga, na maji ubadilishe. Aliyeachama, ukimgonga asifunge, huyo amekufa, mtupe. Bwana Somchai akaanza kutafuta viungo uani kwangu kama mtu aliyeangusha ufunguo. Akauona mchaichai wetu wa kutibia mafua akaukumbatia, nasema kweli, aliukumbatia. Majani hakuyataka, alitaka shina lile jeupe la chini, likatwe na kupondwa kwa ubapa wa kisu. Akataka tangawizi, kitunguu saumu, pilipili kichaa na ndimu. Kisha akataka majani ya kunukia, akanieleza kwa mikono na pua, mpaka mwenyewe akayaona yameota karibu na choo. Kivumbasi! Tunachochoma jioni kufukuza mbu! Halafu akataka maji ya samaki yenye chumvi, ambayo kwao huuzwa kwenye chupa. Hapo nikatumia akili zangu za miaka ya shida: nikachemsha dagaa na chumvi nyingi, nikaacha maji yapungue yakawa ya kahawia, nikachuja kwa kitambaa. Akaonja, akafumba macho, akanishika bega.

Mama Magesa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Magesa," akasema, "chakula cha kuku, majani ya mafua, dawa ya mbu na maji ya dagaa. Huyu baba wa watu amekukosea nini?"

"Nyamaza, naokoa jiko."

Mchaichai, tangawizi, saumu na pilipili nikatia chini na maji kidogo sana, kome juu, mfuniko, kitambaa kibichi. Nikasubiri bila kuchungulia. Moto uwe mkali. Harufu ilipotoka, majirani walianza kusogea kwenye ua wa minyaa mmoja mmoja, kila mtu anajifanya anatafuta mbuzi. Nilipofunua, kome wote walikuwa wameachama ila mmoja aliyekataa kufunguka, nikamtupa, huyo naye haliwi. Nikamwagia maji ya dagaa na ndimu, nikatupia kivumbasi, nikapakua.

Wakati huohuo gari la shirika likasimama nje. Meneja. Alikuja, alisema, ili shirika liwe na shahidi.

Sasa, huku kwetu chakula hakiwekwi mbele ya mgeni mkakaa mnamkodolea macho. Mwenye mgeni huonja kwanza mbele ya watu wote, mgeni aone hakuna kibaya kilichotiwa. Bakuli liko mezani, watu wamejaa uani, macho yote kwangu. Nilikuwa nimeonja mchuzi jikoni na nikaupenda, lakini wale wadudu wenyewe, na zile nyama zao zinaning'inia kama masikio... Nikamgeukia Meneja.

"Bwana Meneja, mgeni huyu ni wa nani?"

"Wa shirika!" akajibu kwa sauti, maana hakuweza kujizuia.

"Na hapa Musoma, shirika ni nani?"

"Shirika ni mimi, nani mwingine?"

"Basi karibu, mwenye mgeni. Watu wanakungoja."

Meneja alitazama bakuli, akatazama gari lake, akatazama watu. Kukataa ilikuwa ni kusema mbele ya Makoko nzima kwamba shirika linamtilia mgeni wake sumu. Akachukua kome mmoja kwa ncha za vidole, akafumba macho kama mtoto anayemeza kwinini, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena taratibu. Jicho moja likafunguka.

"Ngoja," akasema. "Shirika halijapata uhakika."

Akachukua wa pili, na mchuzi.

"Bado."

Alipokwisha kula kiganja kizima, Bwana Somchai akalivuta bakuli. "Meneja! Uhakika imetosha!"

Watu wakaangua kicheko mpaka ua ukatikisika. Bwana Somchai alikula na machozi yanamtoka, anafuta, anakula. Nikamwambia, "Samahani, bwana, pilipili imezidi." Akatikisa kichwa. "Si pilipili," akasema. "Ni mama." Mama Magesa akasahau dawa ya mbu yote, akamwongezea ugali.

Tangu siku ile akawa mtu wa kwetu. Kazi ikiisha, anakuja Makoko. Na Meneja naye akaanza kuja "kukagua usalama wa mgeni", na ukaguzi wake ulihitaji sahani kubwa. Wakati mwingine tulipata kome wazuri kutoka kwa wavuvi waliokuwa wanatoka Kibara, tukafanya kama sherehe. Mgeni akanenepa. Mashavu yakarudi! Na mimi nilikuwa natembea kifua mbele, kila nikipita dirishani naona kofia yangu ipo kichwani, najisemea, jiko limepona, anakula, si mlitaka ale? Halikunipitia akilini hata mara moja kwamba ile meza kubwa ya resti hausi, yenye kitambaa cheupe, ilikuwa inaliwa na nzi peke yao.

Afisa Utumishi akarudi kama alivyoahidi. Akakaa chumba cha kulia saa ya chakula, yeye na ule ubao. Mchana, hakuna mtu. Jioni, hakuna mtu. Kesho yake akatuita wote, na Bwana Somchai akaalikwa.

"Bwana Mtaalamu," akauliza kwa ile sauti ya kanisani, "chakula cha jiko hili unakionaje?"

Bwana Somchai akasimama. Mtu wa kweli, hajui kuzunguka.

"Hapa? Hapa mimi silagi."

"Unakula wapi basi?"

"Kwa Mafuru! Nyumbani, Makoko. Kila siku. Na Meneja anakulaga huko." Akaninyooshea mkono, uso unang'aa kwa fahari. "Mafuru mpishi mkubwa! Mke wake mzuri, watoto wazuri, kula pamoja. Jiko hili la nini? Funga tu! Kwa Mafuru bora!"

Akapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kutabasamu.

"Ahsante sana," Afisa akasema. "Umenirahisishia kazi."

Jiko likafungwa. Mimi nikapunguzwa. Meneja naye akapunguzwa, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kumenejia. Alisimama mlangoni na kaunda yake, kwa mara ya kwanza hana shirika la kusemea, akaniambia, "Mafuru, mimi nimefukuzwa kazi." Nilimhurumia kweli.

Mengine mnayajua wengi wenu mliokula kwetu. Tulifungua mgahawa palepale uani, mimi na Mama Magesa, nikapika mpaka macho yalipoanza kukataa moshi. Sasa nimestaafu, nakaa kibarazani nawapigia watu kelele kuhusu moto wao. Vijana wanaosomea mapishi vyuoni wananijia na maswali: mzee, katika maisha yako yote, chakula gani unakikumbuka? Wanangoja nitaje sherehe ya mkubwa fulani. Nami nawaambia ninachokikumbuka sikukipika mimi. Ni cha jioni ileile niliyofukuzwa.

Nilikuwa nimeketi uani na kofia mapajani, sitaki kusema na mtu. Bwana Somchai akaja kama kawaida yake, anaimba.

"Mafuru! Leo nimekusifu sana, umesikia?"

"Nimesikia. Umenisifu mpaka nimefukuzwa. Leo hakuna chakula hapa. Nenda kwenye mayai yako."

Hakuelewa. Mama Magesa akamweleza polepole, neno kwa neno: jiko, Afisa, kupunguzwa. Nikaona uso wake unabadilika. Akakaa chini kwenye mchanga, akashika kichwa. Nilikuwa na hasira naye, na nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Baadaye akainuka. Akamwomba Mama Magesa kitenge, akakifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi. Nilipotaka kusimama akanisukuma bega. "Kaa. Leo mgeni wewe."

Nilimsikia humo jikoni anakohoa moshi, anaangusha mifuniko, anaungua vidole na kutoa kile kitusi cha Bunda. Mashine aliziweza, jiko la kuni lilimshinda. Akatoka na sahani ya kome, ameishika kwa mikono miwili, akaja kuniwekea mbele yangu akainama.

Mke wangu alipikia nyumba yote, nami nikiwa mmoja wa nyumba. Lakini katika kazi yangu yote, Bunda, Butiama na Musoma, nilikuwa nimewapelekea watu sahani nikiwa nimesimama, wala hakuna hata siku moja mtu aliyesema, kaa wewe, nikupikie wewe.

Nikala. Chumvi ilikuwa imezidi, imezidi vibaya mno.

"Ikoje?" akauliza, kitenge kimemlegea, uso umejaa masizi.

Mama Magesa akanitazama kwa hofu, kwa kuwa ananijua. Mimi chumvi ikizidi nilikuwa namwambia hata padri.

"Nzuri," nikasema, nikamsogezea sahani. "Niongezee."